Veluri ya Kasai: kazi ya mikono iliyotoka safarini

1. Neno la kufungua

Siku moja katika somo la historia, tulipokuwa tunafundisha juu ya falme za zamani za inchi yetu, mwanafunzi mumoja alinyoosha mukono, akauliza: «Mwalimu, unasema Bakuba ndio wenye veluri. Tena unasema mufalme wao aliileta kutoka kwa watu wengine. Sasa ni desturi yao, ao ni desturi ya wale wengine?» Darasa lote likacheka. Sisi hatukucheka sana, kwa sababu ulizo lilikuwa la kweli, na jibu tulilomupa siku ile halikutosha. Tulimwambia paka: «Kaa, tutaona mbele.»

Mistari hii ni jibu tuliyobaki nayo deni. Ndani ya mikutano yetu tunazoea kusema desturi ni kitu cha nkambo, kilichokaa pahali pamoja tangu mwanzo, na anayekigusa anakiharibu. Historia ya ile nguo tunayoita veluri ya Kasai inatuonyesha njia ingine. Ni historia ya watu waliosafiri, wakaona kazi nzuri kwa wengine, wakarudi nayo mu muji, wakaifanya yao kwa miaka karibu 400.

2. Mufalme aliyetoka safarini

Bakuba wanakaa katikati ya mito mitatu: Kasai, Sankuru na Lulua. Muji wa mufalme ni Mushenge, wenyewe wanaita Nsheng, katika teritware ya Mweka, jimbo la Kasai. Ufalme huo si kabila moja. Ni makabila mengi chini ya mufalme mumoja anayetoka kwa Babushoong. Kati yao kuna Bangeende, Bangongo, na hawa Bashoowa ambao jina lao linajulikana sana juu ya kutarizi.

Katika hadisi za ufalme, jina moja linapita majina yote: Shyaam aMbul aNgoong, ambaye vitabu vya zamani vinamwita Shamba Bolongongo. Mwanahistoria Jan Vansina, aliyekaa kwa Bakuba katika miaka ya 1950, aliweka mwanzo wa utawala wake karibu na mwaka wa 1625. Shyaam ndiye alianzisha ukoo mupya wa wafalme. Hadisi inasema kama mbele ya kutawala alisafiri sana upande wa magharibi, ng'ambo ya mto Kasai, akafika kwa Bapende na wengine wa kule. Hakwenda na jeshi. Alikwenda kuona namna watu wengine wanaishi.

Aliporudi, hakurudi mikono mitupu. Wazee walimwelezea Emil Torday, musafiri Muhungari aliyefika Mushenge katika mwaka wa 1908, kama Shyaam ndiye alileta muhindi, muhogo, maharagi na tumbako. Alileta muchezo wa kete katika ubao wenye mashimo, ili watu waache kucheza mali yao. Alikataza kisu cha kutupa kilichoitwa shongo, ili vita ipunguke. Na zaidi ya yote, alileta ufundi wa kufuma nguo za rafia na kuzitarizi. Mbele yake, wazee walisema, watu walivaa magome ya miti yaliyopigwapigwa.

Je, tuamini yote hayo? Mwalimu wa historia hawezi kusema ndiyo bila kufikiri. Hadisi za wafalme zinapenda kumubebesha mutu mumoja kazi ya watu mia. Vansina mwenyewe alionya juu ya jambo hilo. Lakini tuangalie mimea. Muhindi na muhogo vilitoka Amerika, vikafika pwani ya bahari ya magharibi kwa mashua za Wareno baada ya mwaka wa 1500, kisha vikaingia ndani ya inchi polepole. Kwa hiyo kusema vilifika Kasai katika miaka ya 1600, kutoka magharibi, kunasimama vizuri. Tena Bakuba walikumbuka giza lililofunika jua muchana, katika utawala wa mufalme mumoja aliyetawala nyuma ya Shyaam. Torday alilipatanisha na kupatwa kwa jua kwa tarehe 30 Machi 1680. Hadisi si saa ya ukutani, lakini si usingizi pia.

3. Ushuhuda wa magharibi

Kama ufundi ulitoka magharibi, tunapashwa kukuta alama yake kule. Na tunaikuta. Mureno Duarte Pacheco Pereira, aliyeandika kati ya 1505 na 1508, alisema kama katika ufalme wa Kongo watu wanafanya nguo za majani ya mutende zenye manyoya laini sawa mahameli, na uzuri wake unafanana na ule wa nguo za Italia. Katika mwaka wa 1591, Filippo Pigafetta alichapa Roma maelezo ya Duarte Lopes juu ya Kongo, na ndani yake tunasoma tena juu ya nguo hizo na mitende ambayo watu waliitunza kwa kazi hiyo. Vipande vya nguo hizo vilinunuliwa na wafalme na matajiri wa Ulaya. Vingine vingali vinalindwa katika mamize ya Copenhagen na Roma. Mutu akiviweka kando ya veluri ya Bashoowa, anaona ni ndugu wa tumbo moja: manyoya yale yale, mistari inayopitana juu na chini namna ile ile.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wetu hatulifahamu. Katika Kongo na Angola, kitambaa cha rafia kilitumika kama feza. Kiliitwa libongo, na serikali ya Wareno kule Luanda ilifikia kuvipiga muhuri. Jina «makuta» linatoka katika hesabu ya feza ile ya vitambaa. Baadaye likawa jina la feza ya shaba ya Angola, na katika mwaka wa 1967 inchi yetu ikalitwaa: zaire moja ilikuwa makuta 100. Hiyo zaire ilikufa, lakini mupaka leo mutu wa Lubumbashi anasema «sina makuta». Anaposema hivyo, bila kujua, anasema hana nguo ya rafia.

Kwa hiyo kule ambako ufundi ulianza kusifiwa, yaani pwani, ulikufa kwa kushindwa na nguo za mashua. Kule ambako ulifika kama mugeni, ndani ya Kasai, ndiko uliishi. Tuliweke neno hilo ndani ya akili, tutalirudilia.

4. Namna kazi inafanywa

Kazi inaanza kwa wanaume. Wanakata majani machanga ya mutende wa rafia, wanatoa ngozi yake ya juu, wanaikausha kwa jua, na kuipasua kuwa nyuzi nyembamba. Nyuzi hizo hazisokotwi. Urefu wa uzi ni urefu wa jani. Ndiyo sababu kitambaa kinachotoka hakipiti metre moja hivi. Anayetaka nguo ndefu anashona vipande pamoja. Mwanaume anakaa chini ya kitanda cha kufumia kilichoinama, na anafuma paka kitambaa cheupe kisicho na pambo. Mukono wake katika kazi unaishia pale.

Kitambaa kikitoka kitandani ni kigumu sawa kikapu. Wanawake wanakilowesha na kukitwanga katika kinu mupaka kilainike. Kazi hiyo inatoboaka kitambaa pengine. Watu wanasema vile viraka vya pambo tunavyoona juu ya nguo ndefu za Babushoong vilianza hapo, kwa kuziba matundu. Shida ikazaa uzuri. Wengine wanapaka rangi nyekundu ya mbao inayoitwa tukula. Nyuzi za kutarizi zinapata rangi ya manjano, nyeusi, nyekundu, ao zinaachwa na rangi yao ya asili.

Kisha mwanamuke anatwaa shindano. Kwanza anachora mistari kwa uzi. Baadaye anajaza manyoya: anapitisha uzi chini ya nyuzi moja ao mbili za kitambaa, anauvuta mupaka incha fupi ibaki, halafu anakata kwa kisu kidogo karibu na uso wa nguo. Anafanya tena, na tena, mara elfu nyingi. Hakuna fundo. Uzi unashikwa paka na ukaze wa kitambaa, na nyuma ya nguo hauonekane. Mwisho anasugua kwa kisu ili manyoya yasimame. Kipande kimoja kidogo kinaweza kuomba miezi mingi, kwa sababu mama huyo huyo analima, anapika, analea. Anafanya kazi ya shindano wakati jua limekuwa kali ao wakati wageni wanazungumuza naye.

Nguo hizo hazikuwa za kila siku. Wanaume walikuwa na nguo yao ndefu, mapel. Wanawake na yao, ntshak, inayozunguka kiuno mara nyingi. Zilivaliwa siku ya ngoma na siku ya kilio. Maiti alizikwa na nguo nzuri zilizotolewa na ndugu zake, ili wakubwa waliotangulia wamutambue. Kwa hiyo nguo iliyoomba miezi iliingia kaburini, na wanawake wakaanza ingine.

5. Michoro inatoka wapi?

Ulizo linaloshangaza wageni ni hili: mama hana karatasi, hana kipimo, hana mufano mbele yake. Anaanza kando, na mchoro unakuwa katika kichwa. Tena haufuate njia moja mupaka mwisho. Katikati ya nguo mistari inageuka, inapanuka, inavunjika, inaanza tena. Mutu aliyezoea kitambaa cha kiwanda anafikiri ni kosa. Si kosa. Ni pale mutarizi anaonyesha kama anafikiri.

Michoro ile inasafiri kutoka kitu kwenda kitu. Inakuwa juu ya mikeka ya ukuta, juu ya vikombe vya mbao, juu ya vikapu, na zamani juu ya ngozi ya wanawake wenyewe, kwa chale za tumbo. Mumoja unaojulikana sana ni imbolo, ule wa kamba zinazopitana. Jina linaweza kubadilika kutoka muji kwenda muji, kwa sababu kila mutu anataja sehemu ambayo jicho lake limeona kwanza. Na mufalme mupya, alipotawala, alipashwa kuwa na mchoro wake mupya juu ya ngoma ya utawala wake. Tusikilize vizuri: desturi yenyewe iliomba kitu kipya.

Vansina alielezea jambo lililotokea katika miaka ya 1920. Wamisionere walimuletea mufalme pikipiki, wakifikiri atashangaa. Mashine haikumugusa sana. Lakini alipoona alama ambayo mipira iliacha katika muchanga, aliamuru mchoro ule unakiliwe, na ukapewa jina lake. Watu wengine wanacheka wakisikia. Sisi tunaona pale akili ile ile ya Shyaam. Wageni walitaka aangalie mashine. Yeye aliona kile ambacho shindano linaweza kutumia.

Hata walimu wa hesabu walishangaa. Donald Crowe, mujuzi wa hesabu, aliandika katika mwaka wa 1971 juu ya michoro ya Bakuba. Hesabu inafundisha kama kuna namna 7 tu za kurudilia mchoro katika mustari, na namna 17 za kuurudilia ili ujaze uso wote. Alikuta kwa Bakuba zile 7 zote, na 12 kati ya 17. Wanawake wasiokaa hata siku moja katika darasa la jeometri walizipata kwa vidole.

6. Wale waliokuja kwetu

Njia haikuwa ya upande mumoja. Katika mwaka wa 1892, William Sheppard, misionere Mweusi wa Marekani, alifika Mushenge kutoka Luebo. Mufalme alikuwa amekataza kuonyesha wageni njia. Sheppard alituma watu wake kununua mayayi kutoka muji kwenda muji, akiwafuata nyuma, mupaka akafika. Walimupokea wakisema ni mukubwa wao wa zamani aliyezaliwa tena. Alirudi na nguo nyingi, na leo ziko katika mize ya Hampton, Virginia. Torday naye alipeleka London vitu vingi, pamoja na sanamu ya Shyaam mwenyewe, amekaa na ubao wa kete mbele yake.

Halafu veluri ikafika Paris. Mchoraji Henri Matisse alizikusanya na kuzitundika ukutani pahali alipofanya kazi. Wanaojua kazi yake wanaona namna zile karatasi alizokata kwa makasi katika uzee wake zinasemezana na nguo za Kasai. Yeye hakusafiri Kongo. Nguo ndiyo ilimusafiria.

Tunafurahi kusikia hayo, na ni haki. Lakini tuangalie majina. Tunajua jina la Shyaam, la Sheppard, la Torday, la Matisse. Kati ya wanawake waliotarizi nguo zile, hatujui jina hata la mumoja. Katika mamize mengi karatasi inasema paka: «Kuba» ao «Shoowa».

7. Kwenye kituo cha treni

Hatuna haki ya kulaumu mamize, kwa sababu na sisi tulifanya vile vile. Tutaelezea.

Reli inayotoka Katanga mupaka Ilebo, ambayo zamani iliitwa Port-Francqui, ilifunguliwa katika mwaka wa 1928, na inapita Mweka. Katika mwaka wa 2006, tulipokuwa tungali wapya katika ualimu, tulisafiri kwa treni upande ule. Treni ikaharibika. Tukalala siku mbili kwenye kituo, pamoja na mizigo, mbuzi na watoto. Karibu na bomba la maji kulikuwa mama mumoja muzee aliyekaa juu ya mukeka, akitarizi. Kando yake vilikuwa vipande vitatu vilivyokwisha.

Tulimuuliza bei ya kimoja. Akataja. Tukafanya sawa tunavyozoea kufanya kwa soko: tukashangaa kwa sauti, tukajifanya tunaondoka, tukarudi. Mwishowe alitupa kwa nusu ya kile alichoomba. Tulijiona wajanja.

Kesho yake, treni ingali imesimama, tukakaa karibu naye kwa kukosa kazi. Abiria mumoja akapita na kikapu kutoka upande wa Lomami, chenye mistari ya nyuzi nyeusi. Mama akamwita: «Tata, geuza nione nyuma.» Yule akageuza. Mama akaangalia kwa muda, akapitisha kidole juu ya mistari, akamurudishia. Hakuandika kitu. Muchana, katika kona ya nguo yake, tukaona mistari ile imeanza kutokea, lakini haikuwa tena ile ya kikapu. Alikuwa ameikata katikati na kuiungisha na imbolo.

Tukamuuliza: «Mama, ile tuliyonunua ilikuomba siku ngapi?» Akajibu bila kuinua macho: «Niliianza wakati wa kupanda karanga. Nikaimaliza wakati wa kuzichimba.» Tukanyamaza. Tukamuuliza tena nani anajifunza kwake. Akasema: «Binti yangu anauza mikate kwenye treni. Mikate inaliwa leo.»

Tulitaka kumurudishia nusu ya feza. Mfuko ulikuwa umebaki na ya chakula tu. Huu si uongo, lakini si sababu pia. Treni ilipopiga honi tukapanda. Hata jina lake hatukumuuliza. Nguo iko ukutani kwetu mupaka leo, na mutoto akituuliza nani aliifanya, tunajibu sawa mize: «Ni ya Bakuba.»

8. Neno la kufunga

Sasa tumujibu mwanafunzi wetu. Veluri ni ya nani? Kama desturi ni ya yule aliyeanza, basi Bakuba watairudisha kwa Bapende, Bapende kwa wengine wa magharibi, na kule pwani hakuna tena anayeitarizi. Jibu letu ni hili: desturi ni ya yule anayeifanya kazi. Shyaam alileta mbegu, lakini mbegu isingalikuwa shamba bila wanawake wa kila kizazi waliotwaa shindano. Siku ambayo hakuna binti atakayelitwaa, veluri haitakuwa tena yetu, hata kama ukuta wa kila bwana mukubwa umejaa nayo.

Hatari hiyo si ya mbali. Miaka ya 2016 na 2017, vita vya Kasai vilifukuza watu wengi kutoka mijini mwao, na shindano halikimbie vizuri na mutu anayebeba watoto. Tena ndani ya miji yetu mikubwa, binti anayejifunza kutarizi anafundishwa mauwa ya gazeti la Ulaya juu ya kitambaa cha meza. Hatusemi ni vibaya. Shyaam naye alijifunza kwa wageni. Lakini yeye alirudi nyumbani na kubadilisha. Kunakili tu hakutoshi.

Kwa hiyo tunaomba shirika letu mambo matatu. La kwanza: wanafunzi wanaokwenda likizo kwa wazazi wao, Kasai ao pahali pengine, wapewe daftari la kuandika michoro wanayoiona, juu ya mikeka, vikapu, nguo, na jina ambalo watu wa pale wanaipa. La pili: kwa kila kitu kinachonunuliwa kwa maonyesho yetu, jina la mutu aliyekifanya liandikwe, pamoja na muji wake. La tatu: tusiombe tena kupunguza bei mbele ya kuuliza kazi iliomba siku ngapi.

Mwanafunzi yule sasa ni mutu mukubwa, hatujui kama atasoma kijitabu hiki. Kama atakisoma, ajue kama ulizo lake lilikuwa zuri, na mwalimu wake anaomba samahani kwa kuchelewa.